Kuripoti hitilafu za mitambo katika uongozaji wa ndege: mwongozo kamili kwa aliye zamu

Umeme ukikatika mnara mzima, hakuna atakayehitaji mwongozo wa kuripoti. Simu zitalia zenyewe na mafundi watafika mbio. Mwongozo huu nimeuandika hasa kwa ajili ya kasoro ndogo: redio inayokwaruza mara moja asubuhi kisha ikatulia, lebo ya ndege, yaani maandishi ya utambulisho wake kwenye skrini ya rada, inayohamia kwa ndege nyingine kwa sekunde mbili halafu ikarudi mahali pake, simu ya kituo jirani ambayo lazima uibonyeze mara mbili ndipo iite. Kasoro za namna hii watu huzizoea. Mmoja humwambia mwenzake wakati wa kupokezana zamu, "hiyo ukibonyeza mara ya pili inakubali," na tangu siku hiyo habari inakaa vichwani mwa waongoza ndege wachache. Fundi hana habari, na mwajiri hana karatasi inayomdai chochote.

Sheria ya kazi yetu iko wazi. Waraka wa taratibu za uongozaji ndege wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, unaojulikana kama Doc 4444, unataka kituo kitoe taarifa mara moja, kwa kufuata maagizo ya mahali pake, pale mfumo wowote wa mawasiliano, urambazaji au ufuatiliaji unaposhindwa au kwenda kombo kiasi cha kuweza kuathiri usalama au ufanisi wa safari. Soma tena hayo maneno "kwenda kombo". Kifaa si lazima kife ndipo kiripotiwe.

Hatua ya kwanza: ndege kwanza

Kabla ya fomu, kabla ya simu kwa fundi, hakikisha ndege zilizo mikononi mwako zimetengana kwa umbali salama kwa njia isiyotegemea kifaa unachokitilia shaka. Rada ikipotea kabisa, utaratibu ni kuandika mahali ilipokuwa kila ndege uliyokwisha kuitambua na kuhamia kwenye utengano usiotumia rada. Redio za ardhini zikikatika zote, jaribu masafa ya dharura ya 121.5 MHz, waarifu mara moja waongoza ndege wa meza jirani (meza ni nafasi ya kazi ya mwongoza ndege) na wa vituo jirani, waombe wazungumze na ndege zitakazowaita, na waombe wazizuie au wazielekeze kwingine zile ambazo hazijaingia kwako.

Wakati huohuo tamka kwa sauti. Sema neno moja linaloeleweka na kila aliye chumbani: "Redio!" au "Skrini imeganda!" Mwenzako wa meza ya pili hawezi kukusaidia kwa jambo asilolijua, na msimamizi wa zamu anahitaji zile sekunde za mwanzo kuliko mtu mwingine yeyote.

Hatua ya pili: thibitisha ulichokiona, kwa haraka

Uthibitisho huu hauna lengo la kutafuta chanzo. Chanzo ni kazi ya fundi. Wewe unataka kujua mipaka ya tatizo: linaanzia wapi, linaishia wapi, ni kwako tu au ni kwa kila mtu.

Tuanze na redio. Rubani asipojibu, badilisha hedseti, kisha jaribu kifaa cha akiba cha kurushia, kisha uliza ndege nyingine inakusikiaje. Kuna kipimo cha kimataifa cha 1 hadi 5: 1 ni kutoeleweka kabisa, 2 ni kueleweka kwa vipindi, 3 ni kueleweka kwa shida, 4 ni kueleweka, na 5 ni kueleweka barabara. Tumia namba hizo kwenye ripoti badala ya "vibaya" au "sio mbaya sana". Ikiwa ni ndege moja tu isiyokusikia, huenda shida iko kwake. Ikiwa zote zimekupa 2, tafuta kwako. Na ikiwa zinazolalamika ni zile tu zilizo chini, upande mmoja wa anga yako, liandike hilo kwa makini sana, maana linamwambia fundi aangalie antena na mandhari ya ardhi kabla hajafungua kifaa chochote. Masafa yaliyozibwa na kipaza sauti kilichokwama yana dalili zake: mngurumo usiokatika wa chumba cha marubani, na sauti za wengine zinazomegeka katikati.

Skrini ya rada ina hatari yake ya peke yake, nayo ni kuganda huku ikionekana nzima. Picha ipo, lebo zipo, rangi ni zilezile, lakini unachokitazama ni anga ya dakika iliyopita. Jizoeze kuitupia jicho saa ya mfumo iliyo pembeni mwa skrini na kuangalia kama sekunde zinasonga. Angalia pia kama urefu wa ndege inayopanda unabadilika kwenye lebo yake. Kama sekunde zimesimama, usiendelee kuitumia hiyo picha hata kwa ndege moja, na andika saa iliyoonyeshwa pale ilipoganda, kwa sababu mafundi watalinganisha saa hiyo na kumbukumbu za kompyuta.

Lebo zikibadilishana au ndege ya mzimu, yaani alama ya ndege isiyokuwepo, ikitokea, andika kitambulisho cha ndege zote zilizohusika, msimbo wa transponda (kifaa cha ndani ya ndege kinachoijibu rada), na mahali palipotokea. Linganisha pia vyanzo: je, ndege inaonekana hivyo kwenye rada na pia kwenye ADS-B, yaani mfumo ambao ndege yenyewe hutangaza mahali ilipo, au kwa kimoja tu? Mahali pa ndege panapotumwa na ADS-B hutegemea setilaiti, kwa hiyo palipo na mwingiliano wa GPS skrini yako inaweza kuonyesha ndege mahali ambapo haipo. Rubani akikuambia GPS yake imepotea au inamdanganya, mchukulie maelezo kamili: saa, mahali, kimo, aina ya ndege, ilidumu muda gani, na kama ilirudi yenyewe. Ripoti kama hizo zikikusanywa kutoka ndege nyingi ndizo zinazochora eneo la mwingiliano. Ripoti moja peke yake haichori kitu.

Kwa vifaa vya hali ya hewa, linganisha kipimo kikuu na cha akiba. Kanieneo, yaani shinikizo la hewa ambalo rubani huliweka kwenye kipimo chake cha kimo, ikiwa si sahihi haipigi kengele. Karibu na usawa wa bahari, hektopaskali moja ni takriban futi 27, kwa hiyo ukimpa rubani namba iliyokosewa kwa hektopaskali 4, ndege yake itakuwa juu au chini ya pale inapodhani ilipo kwa zaidi ya futi 100. Mtu anayekuja kutua katika ukungu hana futi 100 za kugawa.

Kwa ILS, yaani mfumo wa mawimbi ya redio unaomwongoza rubani anapokuja kutua, rubani mmoja akisema mwongozo wa mteremko (ule wa kumshusha kwa pembe sahihi) unayumba, kwanza angalia kama kuna gari au ndege iliyosimama mbele ya antena, maana hilo peke yake linaweza kuvuruga mawimbi. Halafu muulize rubani anayefuata swali lililo wazi: "Mfumo unakuonyesha nini?" Ukimuuliza kama naye anaona kuyumba, umempa jibu kabla hajaangalia.

Hatua ya tatu: nani aambiwe

Msimamizi wa zamu kwanza, ana kwa ana au kwa simu ya ndani. Yeye ndiye anayeamua kama idadi ya ndege ipunguzwe, sekta (vipande vya anga vinavyoongozwa na kila meza) zigawanywe, au kituo kihamie kwenye mfumo wa akiba. Kisha fundi wa zamu. Kisha vituo jirani kama hitilafu inawagusa. Kisha ofisi ya taarifa za anga, ili itoe NOTAM, yaani tangazo rasmi kwa marubani, kama kifaa ni kile ambacho marubani wanakitegemea.

Usikae na hitilafu kwa matumaini kwamba itajirudi. Na usimwachie fundi peke yake uamuzi wa kupanda ngazi. Tarehe 28 Agosti 2023 mfumo wa kupokea mipango ya safari nchini Uingereza ulikutana na mpango wenye vituo viwili vya angani vilivyotumia msimbo mmoja, DVL: Deauville ya Ufaransa na Devils Lake ya Marekani. Mfumo mkuu ulisimama, na ule wa akiba, uliokuwa ukiendeshwa na programu ileile, ukapokea mpango uleule na kusimama vilevile. Abiria zaidi ya 700,000 waliathirika. Nachukua mambo mawili kutoka hapo. La kwanza, ukiripoti kwamba mfumo mkuu umeanguka, sema palepale hali ya akiba: imeshika, imeanguka, au haijajaribiwa. La pili, orodha ya namba za kupiga iwe na muda kando ya kila jina. Dakika kadhaa zikipita bila ufumbuzi, anapigiwa mhandisi mwandamizi. Zikipita nyingine, anapigiwa aliyeutengeneza mfumo. Kituo chenu kikiwa hakina orodha ya namna hiyo, huo nao ni upungufu wa kuripoti.

Hatua ya nne: andika

Hapa ndipo ripoti nyingi zinapokufa. Tazama hii, ya namna inayoandikwa kila siku:

"Redio meza ya 3 inasumbua tangu asubuhi. Fundi aangalie."

Fundi ataenda, atabonyeza, atasikia sauti safi, ataandika "hakuna kasoro iliyoonekana" na kuondoka. Hajakosea. Hakuna alichopewa cha kufanyia kazi. Sasa tazama hii, ya mfano:

"0742 UTC, meza ya 3, redio kuu ya masafa ya sekta ya kaskazini. Sauti yangu ilikatika katikati ya sentensi mara tatu kati ya 0742 na 0750. Ndege mbili, zote chini ya futi 8,000 upande wa mashariki, zilinipa usikivu 2. Ndege moja ya futi 35,000 ilinipa 5. Nilibadilisha hedseti, hali haikubadilika. 0751 nilihamia redio ya akiba, usikivu ukawa 5 kwa ndege zote tatu. Hakuna agizo lililokosewa, lakini agizo moja la kushuka lilirudiwa mara mbili. Msimamizi alijulishwa 0744, fundi 0746. Hali kama hii imeandikwa kwenye daftari la zamu siku mbili zilizopita."

Ukiichambua, utaona ina saa, mahali, kifaa, kilichoonekana, kilichojaribiwa, athari kwa kazi, waliojulishwa, na historia. Saa ziandike kwa UTC, yaani saa moja ya kimataifa inayotumika duniani kote, kwa tarakimu nne. Ukiandika "saa mbili asubuhi", atakayesoma rekodi za kompyuta itambidi akisie.

Andika ulichokiona na kukisikia, si unachokidhania. "Kebo imelegea" ni dhana, na ikiwa si kweli imempotezea fundi saa nzima. "Sauti inarudi nikisogeza waya karibu na soketi" ni ulichokiona, na ina thamani kubwa. Usiache sehemu ya athari eti kwa sababu hakuna baya lililotokea. Agizo lililorudiwa, ndege iliyosubiri, kichwa kilichogeuka kutazama skrini ya jirani, vyote hivyo ni athari.

Halafu kuna hii sehemu ambayo karibu kila fomu huisahau, nami naomba uiongeze hata kama haina kisanduku chake: mnakwepaje tatizo kwa sasa? Ule ujanja wa kubonyeza mara mbili, ule wa kuzima na kuwasha kila mwanzo wa zamu, uandikwe. Tarehe 14 Septemba 2004, kituo cha uongozaji ndege cha eneo la Los Angeles kilipoteza mawasiliano ya sauti na mamia ya ndege. Mfumo wa sauti ulikuwa na kihesabio ndani yake kilichoanza na milisekunde bilioni 4.29 na kuhesabu kurudi nyuma. Kikifika sifuri, baada ya siku kama 49.7, mfumo ulijizima. Kasoro ilikuwa inajulikana. Dawa yake ilikuwa kuuzima na kuuwasha mfumo kwa mkono kila baada ya siku 30. Mara hiyo jambo hilo halikufanyika, na mfumo wa akiba nao haukudumu. Ujanja wa kukwepa kasoro ni deni linalolipwa na kumbukumbu ya mtu. Ukiandikwa waziwazi kwenye ripoti, ukiwa na jina la anayeutekeleza na ratiba yake, angalau kuna anayeweza kuuliza lini utaondolewa.

Kwa kasoro inayokuja na kuondoka, usifungue ripoti mpya kila mara kana kwamba ndiyo kwanza imezaliwa. Taja namba ya ripoti ya awali na ongeza tukio jipya. Mlolongo wa matukio yenye saa, hali ya hewa na meza iliyohusika mara nyingi unafichua kinachofanana: linatokea mvua ikinyesha, linatokea baada ya programu kusasishwa, linatokea meza zote zikiwa wazi kwa wakati mmoja.

Usizidharau kasoro zinazokugusa wewe mwenyewe zaidi kuliko ndege. Mlio wa ghafla wenye makali kwenye hedseti unaweza kuumiza sikio. Ivue hedseti mara moja, omba kupokelewa meza, ripoti kifaa na ripoti sikio, na hedseti hiyo iwekwe kando na kibandiko badala ya kurudishwa kwenye droo. Skrini inayoakisi taa hadi rangi mbili za lebo zikafanana inaingia kundi hilohilo.

Hatua ya tano: okoa ushahidi

Viwango vya ICAO vinataka rekodi za sauti na za rada zitunzwe angalau siku 30. Baada ya hapo zinaweza kufutwa na rekodi mpya. Kwa hiyo kama hitilafu ilihusika na tukio lolote la usalama, omba kwa maandishi rekodi zizuiwe, siku hiyohiyo, na utaje saa ya kuanza na kuisha. Picha ya skrini ipigwe kwa utaratibu unaoruhusiwa kituoni. Kupiga picha kwa simu yako na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp kunaweza kuharibu uchunguzi na kazi yako pia.

Hatua ya sita: tiketi ya fundi na ripoti ya usalama ni vitu viwili

Tiketi ya fundi inatengeneza kifaa. Ripoti ya usalama inauliza kwa nini kifaa kile kiliachwa kikafika hapo, na kama kinaweza kutokea tena kwingine. Kujaza moja hakuifuti nyingine. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni namba 376 ya 2014 inampa mtu anayepaswa kuripoti saa 72 kufanya hivyo tangu alipojua tukio, na taasisi yake nayo ina saa 72 kuipeleka kwa mamlaka. Kwingine muda unatofautiana, kwa hiyo soma kanuni za nchi unayofanyia kazi na uandike muda huo ukutani mahali panapoonekana.

Watu wengi hawaandiki ripoti ya usalama kwa hofu ya kuadhibiwa, hasa pale kasoro ya kifaa ilipochanganyika na kosa lao dogo. Hofu hiyo ina msingi mahali pengi, na si haki kuibeza. Kiambatisho cha 19 cha mkataba wa usafiri wa anga, kilichoanza kutumika 2013, kinataka taarifa za usalama zilindwe zisitumike kinyume na lengo lake. Ulinzi huo haufuniki uzembe mkubwa wala makusudi, lakini unamfunika mtu aliyefanya kazi yake kwa uaminifu akiwa na kifaa kibovu. Andika kosa lako na la kifaa pamoja, kwa mpangilio wa saa. Kwenye rekodi yatasikika yote mawili hata hivyo.

Hatua ya saba: matengenezo yaliyopangwa

Kifaa kilichozimwa kwa makusudi kinahitaji taarifa sawa na kilichoharibika, pengine zaidi. Usiku wa tarehe 1 Julai 2002, ndege mbili ziligongana juu ya Überlingen, kusini mwa Ujerumani, na watu 71 wakafa. Kituo cha Zurich kilichokuwa kikiziongoza kilikuwa katikati ya matengenezo. Onyo la kwenye skrini la ndege kukaribiana halikuwepo. Laini kuu za simu za kuongea na vituo jirani zilikuwa zimefungwa, na laini ya akiba ilikuwa na hitilafu. Waongoza ndege wa Karlsruhe waliona hatari, wakapiga simu, haikupita. Mwongoza ndege wa zamu, akihudumia meza mbili peke yake, hakuwa ameelezwa kikamilifu kazi ile ya mafundi ingemwondolea nini.

Kwa hiyo kabla ya kukubali kazi yoyote ya mafundi wakati wa zamu yako, omba maelezo kwa lugha ya meza, siyo ya mitambo. "Tunabadilisha seva ya pili" haikuambii kitu. Uliza: nitapoteza kitu gani ninachokiona, ninachokisikia au kinachonionya? Kwa muda gani? Nikikihitaji ghafla, kinarudi kwa dakika ngapi? Akiba yake imejaribiwa leo, na nani? Majibu yaandikwe kwenye daftari la zamu, na atakayekupokea ayasome kabla hujanyanyuka kitini. Usipopata majibu una haki ya kusema kazi isubiri, na msimamizi anayejua kazi yake atakuunga mkono.

Hatua ya nane: kupokea kifaa kilichorudi

Fundi akisema tayari, usikubali kwa kutikisa kichwa. Muulize amefanya nini: amebadilisha kipuri, amezima na kuwasha, au hakuona kasoro? Kijaribuni pamoja, katika hali ileile iliyoleta shida kama inawezekana. Kwa ule mfano wa redio, maana yake ni kusubiri ndege iliyo chini upande wa mashariki na kuiuliza usikivu, kwa sababu ile ya futi 35,000 ilikuwa inakusikia vizuri tangu mwanzo. Andika saa kifaa kilipopokewa na jina la aliyekipokea, hakikisha NOTAM imefutwa, na waambie vituo jirani mliowaarifu mwanzo. Kuzima na kuwasha kukiwa ndiyo tiba pekee, tiketi ibaki wazi.

Ripoti isipojibiwa, rudi na namba yake. Muulize msimamizi, kisha mkuu wa uhandisi, kisha ofisi ya usalama ya taasisi, kila mara kwa maandishi na ukiambatisha matukio yote yaliyoongezeka. Vyama vya waongoza ndege na vya mafundi wa elektroniki wa usalama wa anga vinaweza kulibeba suala kwa jina la wengi. Kuna pia njia za siri zilizo nje ya mwajiri: Marekani ina mfumo wa ASRS unaoendeshwa na NASA tangu 1976, na Uingereza ina CHIRP tangu 1982, ambazo huondoa utambulisho wa mtoa taarifa kabla ya kuisambaza. Nchi nyingine nyingi zina njia kama hizo chini ya mamlaka zao za usafiri wa anga. Tafuta anwani ya ile ya kwako leo, ukiwa huna shida nayo, na uibandike ndani ya jalada la daftari la zamu.